Sentensi Namba 212

Paete, Laguna
7 Agosti 1988

Mpendwa Ate Felisa,

Habari za huko Hongkong? Sisi wazima, isipokuwa Mama na kikohozi chake. Nikimwambia twende hospitali ananijibu, "Tangu lini mtu wa Paete, mke wa mchonga sanamu, akaugua kwa vumbi la mbao?" Nimechoka kubishana naye.

Unaniuliza tena huu utafiti wangu ni wa nini. Ate, dada yangu mkubwa, nimekueleza mara tatu, ya nne hii hapa. Nataka kujua mtoto wa Kitagalog anaanzaje kuingiza sentensi moja ndani ya nyingine. Ulipoondoka mwaka jana Jovelyn alikuwa na miaka miwili, na alikuwa anasema, "Paka. Samaki. Amekula." Vipande vipande. Sasa ana mitatu na nusu, na Jumamosi ya mwisho wa Julai alisema, "Paka aliyekula samaki amejificha." Sentensi moja! Katika lugha yetu neno la tendo ndilo linalotangulia, na mtoto lazima aligeuze kila mara kulingana na nani anayezungumziwa. Sisi wakubwa hatufikirii hata kidogo. Yeye anajikwaa hapo miezi na miezi, halafu siku moja anapita kama hakuna lililokuwa.

Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi naweka mashine ya kurekodi mezani, anaongea saa nzima. Baadaye naandika kila sentensi kwenye kadi yake, naipa namba, naipeleka chuoni Manila. Mama ananicheka. "Unapewa cheti kwa kusikiliza mtoto akibwabwaja? Mimi niliwasikiliza ninyi wawili bila cheti."

Siku hiyohiyo ya kurekodi Jovelyn aliionyesha kidole picha yako iliyo juu ya televisheni, akamwambia mgeni, "Yule aliye kwenye picha ni Nanay wangu." Kadi namba 87. Mama kwake ni Lola, mimi ni Tiya, na Nanay ni wewe peke yako. Nimekuwekea hapa ujisikie mama.

Mdogo wako,
Luding

Felisa mwanangu, vaa soksi. Usilale na nywele mbichi. Mama.


Hongkong
28 Agosti 1988

Luding,

Namba 87 nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Lakini mwanangu kunijua kama mtu wa kwenye picha, hapo sijui nifurahi au nilie. Nimefanya vyote viwili, chooni, maana bibi ninayemfanyia kazi za nyumbani hapendi kuona machozi karibu na chakula.

Kanda uliyonitumia ya salamu nimeisikiliza. Usinifanye mjinga. "Nanay, nakupenda, nakukumbuka, fanya kazi vizuri" — nakusikia nyuma yake ukimnong'oneza! Mtoto anakariri kama yuko kwenye mchezo wa Krismasi kanisani. Nataka kumsikia anavyoongea mwenyewe, hata akisema matusi. Nitumie zile kanda zako za chuo.

Kwenye boksi nililotuma kuna sweta ya buluu ya Mama, yenye vifungo vya kome. Usiivae wewe. Nakujua.

Mwambie Mama soksi nimevaa.

Felisa


Paete
9 Oktoba 1988

Mpendwa Ate,

Boksi limefika. Samahani nimechelewa kuandika. Mwezi uliopita wageni walikuwa wengi nyumbani na mtoto hakupata utulivu wa kurekodiwa, hivyo Septemba sina hata kadi moja.

Sweta ilikuja kwa wakati. Mama ameivaa. Imemkaa vizuri, ile buluu inampendeza sana, kila aliyekuja amesema hivyo.

Matunda ya lanzones yameiva. Jovelyn anakula mpaka vidole vinanata, halafu anajipangusia kwenye sketi yangu. Hajambo.

Jitunze.
Luding


Hongkong
20 Novemba 1988

Luding,

Kuna swali kubwa. Mkataba wangu unakwisha Januari, na bibi anataka nisaini miaka miwili mingine. Nikisaini, Jovelyn atakuwa na miaka sita nikirudi. Nikikataa, narudi nyumbani Januari hiyohiyo na sijui nitafanya nini hapo Paete, maana tangu baba yake mtoto atukimbie kila kitu kinatoka kwenye mikono hii miwili. Nimelala na kuamka na jambo hili wiki tatu.

Muulize Mama. Akisema njoo, nitakuja. Akisema saini, nitasaini. Wewe unajua sijawahi kukata shauri kubwa bila yeye, hata la kuolewa, ingawa hilo alinikataza na sikumsikia.

Halafu, mbona haandiki tena mstari wake chini ya barua? Ameninunia? Mwambie hata neno moja tu.

Felisa


Paete
11 Desemba 1988

Mpendwa Ate,

Mama hajakununia. Macho yamechoka, mkono unatetemeka, anasema mimi ndiye msomi kwa hiyo niandike mimi.

Nimemuuliza kuhusu mkataba. Anasema saini. Anasema Jovelyn yuko salama, anakula, ana watu wanaompenda. Miaka miwili si mingi.

Sasa habari njema. Binti yako amepiga hatua ambayo Profesa wangu, Dokta Villaluz, alisema nisiitarajie mapema hivi. Ameanza kubeba maneno ya watu wengine. "Aling Pacing amesema kwamba kuku wetu ndiye aliyekula mchicha wake." Unaona? Kuku ndani ya mchicha, mchicha ndani ya Aling Pacing! Sasa jirani akisema jambo uani, Jovelyn analiingiza sebuleni likiwa zima. Hakuna siri tena nyumba hii.

Kanda za chuo zina kelele nyingi, majogoo na mashine za mbao. Nitakuchagulia sentensi nzuri peke yake, nizikusanye kwenye kanda moja. Nipe muda.

Luding


Paete
26 Februari 1989

Ate,

Naandika haraka, msichana anayekuletea kanda hii anaondoka na basi la asubuhi.

Ndani mna sentensi ishirini za mwanao. Nimezichagua kwenye kadi zangu, zile ndefu kuliko zote, zenye sentensi mbili, tatu na hata nne ndani ya moja. Orodha ya namba nimempa Mang Ambo, fundi wa chuo, naye amezinakili moja baada ya nyingine, safi kabisa, bila mimi kunong'ona. Dokta Villaluz alipoiona namba 212 kwenye jedwali langu aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Hata miaka minne alikuwa hajafika, hebu fikiria!

Wasikilizishe wenzako Jumapili. Waambie huyo ni wako.

Luding


Hongkong
12 Machi 1989

Luding,

Nilifanya ulivyoniambia. Jumapili tulikaa uwanjani kama kawaida, tumetandika maboksi chini, sufuria ya tambi katikati, wanawake kumi na mmoja wa kwetu. Niliweka kanda kwenye redio ya Nena, binti wa Aling Pacing. Nikawaambia, nyamazeni, binti yangu anaongea.

Ya paka walicheka. Ya kuku wa Aling Pacing walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Kila sentensi ikiisha wanapiga makofi. Mmoja akaniambia, "Huyu atakuwa wakili!" Sijawahi kujisikia mtu hivyo tangu nifike hapa.

Ya kumi na tatu nakuandikia kama ilivyo, ingawa kadi yake unayo:

"Ile sweta ambayo Nanay alimtumia Lola ndiyo Lola aliyozikwa nayo, lakini Tiya amesema nisimwambie Nanay kwamba Lola amekufa."

Halafu sauti yako: "Vizuri sana, Jove! Hebu sema tena." Na mwanangu akasema tena. Kwa haraka zaidi, kwa furaha, kama mtoto aliyesifiwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Kanda iliendelea, ikaja ya kumi na nne, sijui ya mbuzi gani. Nena akaizima. Nilimtazama usoni nikajua kwamba naye alijua. Tangu Oktoba, ameniambia. Mama yake alimwandikia, ukamwomba anyamaze.

Mama amekufa lini, Luding? Mimi ninayekuuliza ni mtoto wake wa kwanza, na sijui hata tarehe.

"Imemkaa vizuri." Uliandika hivyo. "Kila aliyekuja amesema hivyo."

Nilikuuliza Mama anasemaje ukanijibu anasema saini. Nilisaini tarehe tano Januari. Nani aliyesema, Luding? Nani?

Felisa


Paete
2 Aprili 1989

Ate,

Nimeandika barua hii mara sita. Hii ndiyo naituma, hata ikiwa mbaya.

Mama alikufa tarehe 18 Septemba, alfajiri. Ilikuwa mapafu. Siku tatu kabla alinishika mkono akasema, "Felisa asiambiwe mpaka amalize mkataba. Ataacha kila kitu aje, na akifika mimi nitakuwa sipo." Hilo ni lake, naapa. Boksi lilifika siku aliyofariki. Nilimvisha sweta yako mwenyewe na kufunga kila kifungo.

Mkataba wako ulikuwa unakwisha Januari. Niliamini nitanyamaza mpaka hapo tu, na kila mtu wa Paete aliniahidi. Halafu ukauliza usaini au la. Hilo la kusaini halikuwa la Mama. Lilikuwa langu.

Nimekaa na swali lako, "nani aliyesema," na nitakujibu ukweli kwa kuwa sina kingine cha kukupa. Utafiti wangu ulihitaji kumfuata Jovelyn mpaka afike miaka mitano. Ungerudi Januari, ungemchukua, ungelala naye, ungeongea naye wewe, na kadi zangu zingekatika njiani. Hiyo ni sababu ninayoweza kuisema chuoni. Nyingine ni kwamba tangu Mama afe mtoto analala kwenye mkono wangu, na asubuhi anaamka ananitafuta mimi. Niliogopa kumkosa. Nilichukua mdomo wa Mama aliyekufa nikausemesha ninachotaka.

Kuhusu ile sentensi. Siku ya maziko tulimpitisha Jovelyn juu ya jeneza lililo wazi, kama watoto wote wanavyopitishwa, ili roho ya Lola isimsumbue. Mimi upande huu, Aling Pacing upande ule. Alipokuwa hewani aliangalia chini akaona sweta. Aliniuliza kama boksi la Lola linakwenda kwa Nanay, maana maboksi yanatoka kwa Nanay. Nikamwambia nyamaza, na Nanay asiambiwe. Alilihifadhi lote. Miezi miwili alikuwa anatafuta namna ya kulisema na hana sentensi ya kutosha, na Jumamosi ya mwisho wa Novemba akaipata.

Mimi nilikuwa mezani mbele yake. Nilisikia kwamba ni ndefu. Nilianza kuhesabu kwa vidole: sweta iliyotumwa, moja, aliyozikwa nayo, mbili, Tiya amesema, tatu, amekufa, nne. Nikasema vizuri sana. Baadaye niliisikiliza labda mara arobaini, niandike kila sauti, niweke alama. Nilikuwa nimezama kwenye kazi tangu msiba, Ate, kwa sababu nikiacha kazi nasikia kikohozi chake chumbani. Sentensi mia mbili na kumi na mbili na sikumsikia mtoto hata mara moja. Nilipomwandikia Mang Ambo orodha, niliandika namba.

Dokta Villaluz amejua ile sentensi imetoka wapi. Alinirudishia jedwali lililofunikwa.

Sikuombi unisamehe. Nakuambia tu.

Luding


Hongkong
25 Juni 1989

Luding,

Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi.

Nilimwomba bibi ruhusa ya kuja wiki moja. Akaniuliza, nani amekufa? Nikamwambia mama yangu. Lini? Nikamwambia Septemba. Akanitazama kama mwongo. "Septemba? Mbona uliimba Krismasi?" Kweli niliimba Krismasi. Mama yangu alikuwa ardhini miezi mitatu na mimi naimba, nakaanga samaki.

Kwa hiyo siji mpaka Januari 1991. Nimesaini, na saini ni yangu.

Nimekata kipande cheusi cha msiba kwenye ncha ya aproni ya zamani, nakibandika kifuani kila siku ndani ya sare, maana bibi hapendi kukiona. Ninyi mmevaa tangu Septemba, mimi tangu Machi. Mtafanya sala ya mwaka, mtavua nyeusi, mtakula na mtacheka, mambo yatakuwa yamekwisha. Mimi nitakuwa katikati ya msiba peke yangu kwenye chumba kisicho na dirisha.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, nitumie kanda nzima ya Novemba, ile ya kelele, na majogoo yake. Nataka kumsikia kabla na baada. Nataka kujua kama alilia.

La pili, usimgombeze mtoto. Asije akadhani kuongea ndiko kulikoleta mabaya. Katika nyumba nzima ndiye pekee aliyeniambia.

Nina hasira nawe ambayo sijui itaisha lini. Na nakuhitaji umlishe mwanangu leo usiku. Vyote viwili ni kweli.

Felisa


Paete
24 Septemba 1989

Ate Felisa,

Kanda nzima nimekutumia kwa posta wiki mbili zilizopita. Hakulia. Baada ya kusema mara ya pili aliuliza kama anaweza kupata biskuti. Nilimpa mbili. Utanisikia.

Hapo Jumatatu iliyopita ilikuwa sala ya mwaka. Walikuja wote, binamu kutoka Pakil, akina Aling Pacing, wachonga mbao wote wa mtaa. Tulisali, tukaenda makaburini, tukasafisha jiwe. Halafu kila mtu akavua kipande chake cheusi na kukiweka kwenye sinia, kama desturi ilivyo, ili walio hai waendelee na maisha. Sinia likanifikia.

Sikuweka changu. Aling Pacing akanikazia macho. "Luding, mwaka umeisha. Unataka kumwita mwingine amfuate?" Watu wakaanza kunong'ona. Nilitaka kueleza, mimi msomi wa maneno, nikaishia kulishikilia sinia.

Jovelyn alikuwa amesimama kando yangu, na chake kifuani, kile kidogo nilichomshonea. Mkono wa Aling Pacing ukaenda kumvua. Akakifunika kwa viganja vyote viwili, akasema, na watu wote wakasikia:

"Tusivue mpaka aje yule ambaye hakuambiwa."

Mwaka jana ulikuwa yule aliye kwenye picha. Mashine ilikuwa nyumbani, kabatini, na kadi nimeacha kuandika tangu Aprili. Sikumwambia vizuri sana. Sikumwambia arudie.

Aling Pacing alitoa chake kwenye sinia, akajibandika tena. Tulirudi nyumbani tukiwa watatu wenye nyeusi, na wewe wa nne.

Luding